Usafi wa Mwili na Amana ya Mtoto

Usafi wa mwili ni pambo la mtu, na dini ya Kikristo imeusifu tangu ilipoanza. Hufundisha kwamba mwili ni hekalu la Mungu, kwamba ndoa ni agano, na kwamba tamaa isiyo na lijamu humwangusha mtu kama farasi mkali amwangushavyo mpandaji. Mafundisho haya ni mema. Lakini jema likitazamwa kwa jicho moja huonekana nusu. Jicho moja humtazama mkosaji na hatari ya roho yake. Jicho la pili hupaswa kumtazama aliyekosewa. Jicho la pili likifumbwa, usafi huwa sifa ya mkubwa, na mdogo huachwa bila mlinzi. Swali la kupimwa basi ni hili: maadili ya mwili yamewekwa kwa heshima ya mtenda, au kwa usalama wa mnyonge?

Wakristo wa kwanza hawakulikwepa swali hilo. Katika dola ya Rumi bwana aliweza kumtumia mtumwa wake mdogo kwa anasa, wala sheria haikumuuliza. Wayunani nao walikuwa na neno kwa mapenzi ya mtu mzima kwa mvulana, na neno lenyewe lilivikwa vazi la upendo. Didache, kitabu kidogo cha mafundisho ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, kililivua vazi hilo. Baina ya katazo la uzinzi na katazo la uasherati, kiliweka katazo la tatu kwa neno lenye maana ya kuharibu watoto. Kubadili neno kulikuwa kubadili hukumu. Neno la kwanza lilitaja raha ya mkubwa. La pili lilitaja hasara ya mdogo. Mwanzoni mwa karne ya 4 maaskofu waliokutana Elvira, katika Hispania, waliamuru kwamba wanaonajisi wavulana wasipewe komunyo hata saa ya kufa. Yamkini amri hiyo ilipita kiasi cha rehema, lakini mtoto alikuwamo katika mizani yake.

Karne nyingi baadaye fundisho la usafi liligeuzwa kuwa fimbo. John Smyth alikuwa wakili mashuhuri wa Uingereza na kiongozi katika kambi za Kikristo za wavulana. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliwachukua vijana nyumbani kwake, akawahoji juu ya tamaa zao za mwili, kisha akawapiga kwa henzerani mpaka damu ikatoka, akidai kuwa anawatakasa. Mwaka 1982 baadhi ya viongozi wa kazi hiyo walipata taarifa iliyoandikwa juu ya mambo hayo. Hawakwenda polisi. Mwaka 1984 Smyth alihamia Zimbabwe, akaanzisha kambi nyingine, na wavulana wa huko nao wakaonja mateso yale yale. Alikufa Afrika Kusini mwaka 2018, kabla ya kujibu katika mahakama ya Uingereza kwa aliyoyatenda. Uchunguzi uliochapishwa Novemba 2024 ulikadiria kuwa walioumizwa katika nchi hizo walizidi 100. Mwezi ule ule Justin Welby, Askofu Mkuu wa Canterbury, alitangaza kujiuzulu, kwa kuwa habari zilimfikia mwaka 2013 na hazikufuatwa kama ilivyopasa.

Walionyamaza mwaka 1982 hawakuwa maadui wa usafi. Waliuhubiri. Walichoogopa ni aibu itakayoipata kazi njema ikiwa siri itatoka. Hofu hii ni kongwe. Katika Biblia, Tamari, binti wa mfalme Daudi, alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu alimwambia anyamaze kwa kuwa mtu yule ni ndugu. Daudi alikasirika sana, lakini hasira yake haikuzaa hukumu. Tamari alibaki mpweke katika nyumba ya Absalomu. Baada ya miaka miwili Amnoni aliuawa, na ufalme ukaingia katika vita vya mtoto na baba. Jina la nyumba, ambalo ukimya ulinuiwa kulilinda, lilivunjwa na ukimya huo huo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Huenda mtu akauliza: je, dini ya msamaha yaweza kumkabidhi mwenye kutubu kwa askari? Swali hili ni la haki, maana pasipo msamaha Ukristo hauna kiini. Lakini msamaha na uaminifu ni vitu viwili. Mwizi aliyetubu husamehewa, wala hapewi ufunguo wa hazina siku ile ile. Zakayo alipotubu hakutoa machozi peke yake. Aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Toba ya kweli huenda yenyewe mbele ya hakimu, kwa sababu deni lake si kwa Mungu tu. Fauka ya hayo, mwenye haki ya kusamehe jeraha ni mwenye jeraha. Kiongozi anayesamehe kwa niaba ya mtoto, bila kumwuliza mtoto, hutoa sadaka kwa mali isiyo yake.

Kosa hili halikai kanisani peke yake. Katika Afrika ya Mashariki neno la kumaliza mambo nyumbani lina utamu wake, na katika ugomvi wa mipaka ya shamba laweza kuleta amani. Likitumiwa kwa mtoto aliyenajisiwa, mbuzi na fedha hupita baina ya wazee, na mtoto hulala kijiji kimoja na aliyemharibu. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 humtaka kila mwenye habari za haki ya mtoto kuvunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Sheria hiyo haipingani na Injili, ambayo yasema ni heri mtu afungiwe jiwe la kusagia shingoni na kutupwa baharini kuliko kumkosesha mmoja wa wadogo.

Limebaki jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Mtoto hufundishwa kuwatii wazazi, walimu na wahubiri, na ni vema atii. Lakini kama mwili ni hekalu, mwili wa mtoto nao ni hekalu, na hekalu haliingiwi kwa nguvu wala kwa hila, hata aingiaye akivaa joho. Mtoto aliyefundishwa usafi bila kufundishwa kuwa ana haki ya kukataa na haki ya kusadikiwa, amepewa nyumba isiyo na mlango. Mkubwa anayesikia kilio chake akanyamaza huvunja amana aliyowekewa, na hakuna saumu wala useja utakaojaza pengo hilo.