Mali Iliyotamkwa: Maadili ya Viongozi kutoka Azimio la Arusha hadi Fomu ya Tamko

Kila mwaka, kabla ya Desemba 31 kupita, kiongozi wa umma nchini Tanzania, awe waziri, jaji, mbunge, mkuu wa wilaya au diwani, hutakiwa kuwasilisha kwa Kamishna wa Maadili hati iitwayo tamko la rasilimali na madeni, yaani maelezo ya maandishi ya mali yake, ya mwenzi wake wa ndoa na ya watoto wake wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa, pamoja na madeni aliyo nayo. Tamko la kwanza hutolewa ndani ya siku 30 tangu kushika madaraka, na la mwisho hutolewa anapoondoka katika wadhifa. Chombo kinachopokea hati hizo, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, kimetajwa katika Ibara ya 132 ya Katiba na huongozwa na Sheria Na. 13 ya mwaka 1995. Ofisi yake ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Sehemu kubwa ya kazi yake haina kishindo, kwa kuwa ni kupokea fomu, kuwakumbusha wanaochelewa, kusikiliza malalamiko, kutoa elimu ya maadili, na kufanya uhakiki, yaani kwenda kulinganisha kilichoandikwa na kilichopo kweli shambani, kiwanjani au benki. Hata hivyo, nyuma ya kazi hiyo ya kila siku limekaa swali zito ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa wamelishughulikia kwa karne nyingi: mtu anapotamka mbele ya wengine alicho nacho, je, kuna jambo lolote la kimaadili linalotendeka, au amejaza karatasi tu?

Swali hilo lina mizizi mirefu katika mji huo huo. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa Februari 5 mwaka huo. Sehemu yake ya mwisho iliweka miiko ya uongozi, yaani makatazo yaliyomhusu kila kiongozi wa chama na wa serikali: asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Azimio lilieleza pia kwamba kiongozi katika maana hiyo ni mtu pamoja na mwenzi wake wa ndoa, kwa sababu waandishi wake waliona mapema kwamba mali ikikatazwa mkononi mwa mume inaweza kuhamia mkononi mwa mke. Mwaka 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, katika uamuzi uliokuja kujulikana kama Azimio la Zanzibar, ililegeza miiko hiyo, na miaka minne baadaye ikaja sheria ya tamko.

Mabadiliko hayo huelezwa mara nyingi kama badiliko la sera ya uchumi tu, na maelezo hayo yanapunguza uzito wake, kwa kuwa kilichobadilika ni fundisho zima kuhusu mahali dhambi ya kiongozi inapoanzia. Azimio liliamini kwamba mali ya kibepari yenyewe ndiyo kishawishi, hivyo njia salama ni kumweka kiongozi mbali nayo kabla moyo haujajaribiwa, sawasawa na mtawa anayeweka nadhiri ya ufukara ili asilazimike kupambana kila asubuhi na tamaa yake. Sheria ya 1995 inaanzia mahali pengine: mali ni halali, biashara ni halali, nyumba ya kupangisha ni halali, na kosa linaanza pale kiongozi anapoficha, anapodanganya, au anapoacha maslahi yake binafsi yagongane na wajibu wake. Fundisho la kwanza humwambia kiongozi asiwe na kitu fulani. La pili humwambia aseme alicho nacho. Ni makosa kudhani kwamba la pili ni jepesi, kwani mtu anaweza kuacha kupangisha nyumba bila kubadilika ndani, ilhali kusema ukweli kamili kuhusu fedha zake mbele ya mwingine ni jambo ambalo watu wengi hawajawahi kulifanya hata kwa wenzi wao wa ndoa.

Vitabu vya dini vinaunga mkono uzito huo. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, Anania na Safira waliuza kiwanja, wakazuia sehemu ya fedha, kisha wakaleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Petro hakuwalaumu kwa kuwa na kiwanja, wala kwa kubakiza fedha, kwa maana alikiri kwamba kilikuwa mali yao na thamani yake ilikuwa chini ya mamlaka yao. Aliwalaumu kwa tamko la uongo. Kwa lugha ya sheria ya leo, wawili hao hawakuwa na kosa la umiliki, walikuwa na kosa la tamko.

Katika Uislamu jambo hili limejengwa juu ya amana, yaani kitu au madaraka ambayo mtu amekabidhiwa na ambayo atadaiwa. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba Mtume Muhammad alimtuma mtu aliyeitwa Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka, naye aliporudi alitenga mafungu mawili, akasema kwamba hili ni la umma na lile amezawadiwa yeye. Mtume alipanda mimbari akahoji mbele ya watu kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Hakuna kipimo cha mgongano wa maslahi kilichowahi kuandikwa kikiwa kifupi na kikali kuliko hicho, maana kinamtaka mtumishi atenganishe kinachomjia yeye na kinachokijia kiti chake. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba Ibn al-Lutbiyya hakuficha kitu. Alitamka waziwazi, na tamko lake halikumtakasa. Wanahistoria, akiwamo al-Baladhuri, wanasimulia kwamba Khalifa Umar aliandikisha mali za magavana wake alipowateua, na ilipozidi kupita kiasi aligawana nao kilichoongezeka. Kwa hiyo wazo la kulinganisha mali ya mwanzo na ya mwisho halikuletwa Afrika Mashariki na washauri wa utawala bora wa miaka ya 1990; Waislamu wa eneo hili wamekuwa na simulizi zake tangu zamani.

Kutamka, hata hivyo, hutanguliwa na kuhesabu, na hapo ndipo Kisongo inaingia katika hoja hii kwa namna yake. Kata ya Kisongo, iliyo magharibi mwa jiji kwenye barabara inayopita uwanja wa ndege wa Arusha kuelekea Makuyuni, ina jina moja na Ilkisongo, sehemu kubwa ya jamii ya Wamaasai upande wa Tanzania. Katika mila ya wafugaji hao, kuhesabu ng'ombe au watoto kwa tarakimu, na hasa kuwahesabu kwa sauti, kumekuwa jambo la kuepukwa kwa kuwa kunaaminika kualika balaa. Mfugaji hakosi kumjua mnyama aliyepotea, lakini humjua kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo wa mama yake, si kwa kuona kwamba jumla imepungua. Biblia nayo ina simulizi ya Mfalme Daudi aliyeadhibiwa kwa kuamuru hesabu ya watu wake. Miiko hii isichukuliwe kuwa ujinga wa zamani unaosubiri kuondolewa na fomu. Ndani yake limo onyo la kweli kwamba hesabu inaweza kuwa majivuno, na kwamba anayejumlisha alicho nacho huanza kukiona kuwa kimetoka katika nguvu zake. Tamko la kiongozi linakubalika mbele ya onyo hilo kwa sharti moja tu, kwamba anayehesabu anafanya hivyo ili ajibu kwa wengine, na jumla inayopatikana inampa wajibu badala ya kumpa sifa.

Mila hiyo hiyo inaibua ugumu mwingine, ambao afisa wa uhakiki hawezi kuukwepa. Fomu hudhani kwamba kila kitu kina mwenyewe mmoja. Katika boma la Kimaasai, baadhi ya ng'ombe wamegawiwa nyumba ya mke fulani na wanasubiriwa na watoto wake wa kiume, na baba wa boma hana uhuru kamili wa kuwahamisha. Wengine ni wa rafiki aliyewaweka hapo, au wametolewa kwa urafiki unaodumu kati ya familia mbili. Diwani wa kata ya wafugaji anapoulizwa ana ng'ombe wangapi, jibu la kweli huwa na ngazi kadhaa, na kiongozi mwaminifu anaweza kuonekana mwongo kwa sababu karatasi haina nafasi ya kuandika haki za wengine. Kwa upande wa pili, kiongozi asiye mwaminifu anaweza kujificha ndani ya ukarimu huo huo, akamwachia ndugu, mkwe au rafiki ng'ombe na viwanja ambavyo ni vyake kweli, kwa kuwa sheria inamtaka ataje mali ya mwenzi na ya watoto wadogo peke yao. Uhakiki unaofanywa kwa haraka huwatendea watu hawa wawili sawa. Unaofanywa kwa subira huuliza historia ya kila mnyama na kila kiwanja: kilitoka wapi, nani anakitegemea, nani angelalamika kikiuzwa.

Ardhi inaonyesha jambo hili vizuri kuliko mifugo. Jiji la Arusha limekuwa likipanuka, na kando ya barabara kuu malisho yamekuwa yakigeuka viwanja. Mtu aliye katika kikao cha halmashauri anaweza kujua mapema barabara itapita wapi au shule itajengwa wapi, akanunua ekari mbili kwa mfugaji ambaye hana habari, kisha akaziandika kwa uaminifu mkubwa katika tamko lake la Desemba. Fomu itaonyesha kiwanja na bei yake, lakini haitaonyesha ujuzi uliokinunua, nao ndio ulioibwa. Hapa ndipo kipimo cha Ibn al-Lutbiyya kinapokuwa cha lazima: je, angekaa nyumbani kwa baba yake, ekari hizo zingemfikia?

Mwanafalsafa wa Uingereza Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya redio ya mwaka 2002 kuhusu imani kwa taasisi, alitahadharisha kwamba uwazi peke yake hauleti uaminifu, kwa kuwa taarifa zinaweza kumwagwa kwa wingi huku udanganyifu ukibaki palepale, na wanaokaguliwa hujifunza kuandika kinachotakiwa kuonekana. Tahadhari hiyo ni ya haki, na watumishi wa maadili wenyewe wanaijua, maana fomu iliyojazwa vizuri na mtu aliyedhamiria kudanganya haina alama yoyote ya nje. Lakini hoja hiyo ikichukuliwa hadi mwisho wake inamwacha mwananchi bila chochote isipokuwa kumkisia kiongozi kwa sura yake. Watu wa Monduli, jirani na Kisongo, wanamkumbuka Edward Moringe Sokoine, aliyezaliwa huko mwaka 1938 na kuwa waziri mkuu mara mbili hadi kifo chake Aprili 12, 1984, kama mfano wa kiongozi mwadilifu, hasa kwa vita yake ya 1983 dhidi ya wahujumu uchumi. Imani yao kwake haikutokana na daftari. Ilitokana na ukaribu, kwa kuwa jamii ya wafugaji huona boma la mtu, hujua mifugo yake, na hutambua mara moja kinachoingia bila maelezo. Kiongozi wa leo anaweza kuwa na nyumba katika jiji lingine na hisa katika kampuni asiyoijua jirani yake yeyote, na kwa mtu wa namna hiyo tamko la maandishi linajaribu kurudisha, kwa njia ya kiofisi, jicho ambalo kijiji kilikuwa nalo bila gharama.

Tatizo ni kwamba jicho hilo limerudishwa nusu. Nabii Samweli, katika kitabu cha kwanza kinachobeba jina lake, alipoachia uongozi alisimama mbele ya watu wote akawataka wamshuhudie: alimchukulia nani ng'ombe wake au punda wake, alimdhulumu nani, alipokea rushwa mkononi mwa nani. Tamko lake lilikuwa na wasikilizaji walioweza kumkanusha, nao ndio wale wale aliowatawala. Tamko la sheria ya 1995 hupelekwa kwa Kamishna. Mwananchi anaweza kukagua daftari la matamko kwa masharti yaliyowekwa na kanuni, lakini hapewi uhuru wa kuyatangaza atakavyo yale aliyoyaona. Sababu za tahadhari hiyo zipo, na si ndogo: wivu, majungu ya kisiasa, usalama wa familia, na haki ya mtu kutunza faragha yake. Hata hivyo, mtu anayejua kwamba ekari fulani zilinunuliwa kwa ujanja ni mfugaji aliyeziuza, wala si afisa aliyeko ofisini, na mfugaji huyo ndiye asiyefikiwa na hati. Faragha ya kiongozi ingeweza kulindwa katika mambo mengi, akiba yake benki ikiwemo, bila kuficha ardhi iliyo ndani ya eneo analoliongoza, kwa sababu ardhi hiyo ndiyo anayoiamulia katika vikao. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao tayari husomewa mapato na matumizi ya kijiji, ungeweza kusomewa pia viwanja na mashamba ya diwani yaliyomo ndani ya kata, na mwenye kujua kisichoandikwa angekuwa na mahali pa kusimama na kukitaja.