Nani Amekuambia Amekula?

Siku ya Idi nilikuwa Tanga kwa shangazi yangu, sahani ya pilau mapajani, simu mkononi. Kila baada ya muda nilifungua ukurasa uleule: vizimba 12, vitone 12 vya kijani, na chini ya kila kitone neno moja, "imekamilika". Maana yake, kifaa cha kulishia kilichofungwa juu ya kizimba kilikuwa kimetoa chakula cha usiku uliopita. Nilimwonyesha binamu yangu kwa majivuno. "Nawalisha panya wa maabara nikiwa hapa." Akacheka, akaniambia nile kwanza mimi.

Mfumo ule niliujenga mwenyewe. Utafiti wetu ulihusu saa za kula: kundi moja la panya lipate chakula usiku tu, jingine wakati wowote. Zamani mhudumu wetu wa wanyama, mzee tuliyemwita Babu, alikuja usiku na tochi kuwawekea chakula, akarudi alfajiri kukiondoa. Vifaa vikampumzisha. Ndani ya kila kimoja, mota huzungusha sahani yenye matundu, na kila mzunguko huachia tembe moja ya chakula ipite kwenye mrija hadi bakulini. Niliongeza kompyuta ndogo, ruta yenye laini ya simu, betri ya kushika umeme ukikatika, na kamera inayoona gizani. Kompyuta ilihesabu mizunguko ya mota na kunitumia majibu. Sikukuu ile, kwa mara ya kwanza, hakuna mtu aliyepangiwa zamu.

Jumapili asubuhi Babu alipiga simu.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Panya wako wa kizimba cha saba ni wa baridi."

Alikuwa amepita maabara bila kutumwa na mtu. Nilifungua ukurasa: kijani. Nilirudisha picha za kamera za Jumamosi: panya amejikunja pembeni, ametulia, vilevile nilivyomwona jana yake nikadhani amelala.

"Mashine inaonyesha amelishwa, Babu."

Akanyamaza kidogo. "Mashine imekuambia imetoa. Nani amekuambia amekula?"

Unyevu ulikuwa umegandisha vumbi la tembe ndani ya mrija. Mota ilizunguka kama kawaida, tembe zikarundikana juu ya kizibo, na tangu Ijumaa alfajiri panya hakuwa ametia kitu tumboni. Kijani cha siku ya Idi kilikuwa kweli. Cha Jumamosi kilikuwa uongo, na rangi ilikuwa ileile.

Panya mdogo wa maabara ana uzito wa gramu 20 hadi 30 hivi, na kwa siku hula gramu 3 hadi 5. Akikosa chakula, mwili wake huweza kushusha joto na kuzubaa kwa saa kadhaa ili kuokoa nguvu. Utulivu nilioutazama kwenye simu huku nikimumunya tende ulikuwa njaa. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hata akiwekewa kamera. Babu alimpasha joto kati ya viganja vyake, akamlowekea tembe kwenye maji. Alipona.

Kwenye basi la kurudi nilikumbuka kisa cha B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alichokisimulia mwenyewe. Panya wake alikuwa akibonyeza wenzo apate chakula. Kifaa cha kutolea tembe kikakwama, mwenyewe hayupo. Aliporudi alikuta mchoro mzuri: panya alikuwa ameendelea kubonyeza bila kupata kitu. Ilikuwa Ijumaa, hakukuwa na wa kumweleza, na anasema wikendi nzima alivuka barabara kwa uangalifu asije akafa na ugunduzi wake. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka. Kwenye basi nilijiuliza kwa nini mimi na yeye tulikuwa tumetazama mstari tu.

Mwenzangu mmoja aliniona najisumbua bure. "Utafiti ukiisha watauawa wote," alisema. "Njaa ya siku mbili ni nini?" Swali lake halikuwa la kipumbavu, na sina jibu linalonitoa kwenye lawama kubwa zaidi ya kuwatumia wanyama. Lakini mwaka 1959 Waingereza wawili, Russell na Burch, walitenganisha mateso ya aina mbili katika maabara: yale yasiyoepukika kwa namna jaribio lilivyo, na yale yanayotokea kando tu, bila kukusudiwa. Ya kwanza angalau mtu hukaa kikao, akapima, akasaini, akawajibika. Njaa ya kizimba cha saba haikujibu swali lolote. Hakuna aliyeiamua, na kwa hiyo ilikaribia kupita bila mwenyewe.

Hapo ndipo naona hatari ya kutazama kutoka mbali. Nilidhani mfumo umenibebea wajibu. Ulichonipa ni habari, nayo ilikuwa habari ya mota. Sasa kila bakuli limekaa juu ya mizani ndogo, nami naangalia gramu zinavyopungua panya anapokula. Kompyuta hutuma salamu kila nusu saa, na salamu isipofika simu hulia, maana zamani ukimya niliuhesabu kuwa heri. Na kila tahadhari huenda pia kwa mtu anayeweza kufika kwa miguu. Nikiwa Tanga najua tu. Kujua bila kuweza kufika hakumshibishi mtu wala panya. Babu amerudishiwa zamu za sikukuu, kwa malipo, na huingia chumbani hata vitone vyote vikiwa kijani.

Jumatatu ile nilipofika, kabla sijagusa waya wowote, nilijaza daftari la maabara. Niliandika jinsi tunavyoandika siku zote: "Panya wa kizimba cha 7 alifunga siku mbili." Babu, aliyekuwa ametoka kufunga mwezi mzima, alisoma begani kwangu.

"Mimi ndiye nimefunga," alisema. "Huyu kanyimwa."

Nikalikata neno "alifunga", nikaandika "alinyimwa chakula". Kisha, kwa kuwa neno hilo linadai mtu, nikaongeza jina langu.