Mbu Aliyevuka Mpaka

Anopheles funestus, mbu anayeeneza malaria, hupenda damu ya binadamu, na akishashiba hutua kwenye ukuta wa ndani ya nyumba apumzike. Tabia hiyo ya kutua ukutani ndiyo iliyomponza Afrika Kusini. Dawa ya DDT ilipopuliziwa majumbani katika jimbo la KwaZulu-Natal alitoweka, na kwa miongo kadhaa maafisa wa afya wa huko wakabaki wakipambana na mbu mwingine wa malaria, Anopheles arabiensis.

Lakini DDT ilikuwa na kero zake. Iliacha madoa meupe kwenye kuta za udongo, na wenye nyumba wakawa wanakandika upya, dawa ikazikwa chini ya udongo. Wanamazingira nao waliipinga. Mwaka 1996 ikawekwa kando, zikaletwa dawa za jamii ya pairethroidi zisizoacha doa. Kwa mbu waliokuwepo pale, zilifaa.

Ila kusini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya mpaka, kulikuwa na funestus wenye usugu dhidi ya pairethroidi. Mwaka 1999 watafiti waliotega mbu Ndumo, karibu na mpaka huo, walimkuta akitoka mzima katika nyumba zilizopuliziwa dawa. Mwaka 2000 Afrika Kusini iliandikisha wagonjwa wa malaria zaidi ya 60,000. Lawama si zote za mbu, kwa maana vidonge vya SP vya kutibu malaria navyo vilikuwa vimeacha kuua vimelea. Hata hivyo, mlango uliofungwa tangu enzi za mababu ulikuwa umefunguliwa kwa uamuzi uliowaangalia mbu wa upande mmoja wa mpaka.

Nchi iliokolewa na jambo dogo lililo ndani ya mwili wa mbu. Wapo mbu ambao usugu wao hutokana na badiliko katika neva, pale pale ambapo DDT na pairethroidi zote hushika. Kwa hao, kuacha moja na kushika nyingine hakusaidii kitu. Funestus wa Msumbiji hakuwa hivyo. Jeni zake zilizalisha kwa wingi vimeng'enya vinavyovunja pairethroidi, na DDT haikuguswa. Iliporudishwa mwaka 2000, ilimuua. Sasa mtazame funestus wa Benin, mwenye jina lile lile na umbo lile lile: yeye ana badiliko katika jeni nyingine, linalomwezesha kuhimili DDT. Dawa iliyowaokoa watu wa KwaZulu-Natal isingetegemewa kwake.

Na kuna ndugu wanaofanana naye kiasi cha kumchanganya hata mtaalamu. Kati ya 1955 na 1959 nyumba za Upare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dawa ya dieldrin. Funestus alitoweka, lakini Anopheles rivulorum, wa ukoo huo huo, akaongezeka. Huyu huishi zaidi nje na hupendelea ng'ombe. Anayehesabu mbu bila kuwatenganisha angesema dawa imeshindwa, kumbe aliyebaki si yule mwuaji.

Habari hizi zinatuhusu leo. Katika Bonde la Kilombero, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa funestus, ingawa ni wachache kuliko arabiensis, ndio wanaosababisha zaidi ya asilimia 80 ya maambukizi ya malaria. Anayepanga kwa kufuata wingi wa mbu mtegoni angemkimbiza asiyehusika sana.

Kwa hiyo, waganga wakuu wa wilaya na madiwani mnaopitisha bajeti ya dawa ya ukoko, ile ya kupulizia kuta za nyumba, msiidhinishe ununuzi kabla ya kuulizia majibu ya maabara: mbu wa kwenu ni wa aina gani, wana usugu dhidi ya dawa ipi, na usugu huo unatokana na jeni gani. Na ulizieni pia mbu wa wilaya jirani, hata kama jirani huyo ni nchi nyingine.