Shahidi wa Karatasi

Mtu akisimama mbele ya hakimu akasema, "Mimi nalikuwapo, nimeona kwa macho yangu," neno lake hupewa uzito kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba alikuwapo. Ikidhihirika kuwa siku ile alikuwa mji mwingine, ushahidi wake si kitu, hata kama ameupanga kwa ufasaha, na hata kama kwa bahati umeafikiana na kweli. Nakusihi, msomaji, uliweke jambo hili moyoni kabla hatujaendelea, maana shahada ya chuo kikuu ni shahidi. Jina lenyewe latukumbusha: neno shahada na neno shahidi yamechipuka katika shina moja. Karatasi ile husema kwa niaba ya walimu: tulimfundisha mtu huyu, tukamtahini, tukaona kwamba anaweza.

Sasa twende Kibera. Mfikirie mama mmoja wa upande wa Laini Saba, ambaye kila asubuhi huenda kwa miguu kufua nguo katika nyumba za watu. Katika ujira wake huweka akiba, shilingi juu ya shilingi, kwa ajili ya mwanawe aliyemaliza kidato cha nne bila kupata alama za kumwingiza chuo kikuu. Siku moja kijana anaona tangazo lililobandikwa juu ya nguzo ya stima: shahada kwa majuma machache, hapana mtihani, uzoefu wa maisha utahesabiwa. Anampelekea mama yake habari hiyo kwa furaha. Mama amedanganywa, na hapana wa kumlaumu. Kwa kijana sina hakika. Yamkini sehemu ya moyo wake yajua kwamba elimu ya miaka minne haiwezi kumiminwa katika majuma sita, lakini hataki kuisikiliza sehemu hiyo. Hivyo mdanganywa na mdanganyaji hukaa ndani ya shati moja.

Basi ukikutana na karatasi ya namna hii, iulize kama hakimu amwulizavyo shahidi. Ulimwona wapi mtu huyu? Kwa muda gani? Ni nani aliyemtahini? Chuo cha kweli huweka masharti ya kuingia, kina walimu wanaojulikana kwa kazi zao, na huwafelisha baadhi ya wanafunzi wake. Kiwanda cha shahada hakimfelishi mtu maadamu amelipa. Bei yake ni moja kwa shahada nzima, kama bei ya jozi ya viatu, na mara nyingine huandika tarehe ya kuhitimu aitakayo mnunuzi. Aghalabu jina lake hufananishwa na la chuo mashuhuri, neno moja tu likigeuzwa. Katika Kenya hapana haja ya kubahatisha. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyowekwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, hutangaza orodha ya vyuo vilivyopewa kibali.

Walakini usiridhike na neno la chuo chenyewe kwamba kimeidhinishwa. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua mambo ya kampuni ya Axact ya mjini Karachi, Pakistan, iliyokuwa imetunga mamia ya kurasa za intaneti za vyuo na shule zisizokuwapo. Baadhi ya walimu walioonekana katika picha zake walikuwa waigizaji wa kulipwa, na mabaraza yaliyodai kuvithibitisha vyuo hivyo yalitungwa na kampuni iyo hiyo. Mwongo alijizalia mashahidi wake mwenyewe.

Hila kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni lile neno uzoefu. Ni kubwa kwa kuwa imejengwa juu ya jambo la kweli. Kawangware wako mafundi wa kuchomelea vyuma ambao hawakuona mlango wa chuo, na lango walitengenezalo husimama imara mvua baada ya mvua. Fundi wa namna hii akiambiwa kuwa kazi ya mikono yake ya miaka ishirini ni elimu, haambiwi uongo. Uongo huanza pale anapouziwa karatasi na mtu ambaye hakumtazama akifanya kazi.

Mwaka 2004, katika Marekani, maofisa wa sheria wa jimbo la Pennsylvania walimwombea paka shahada kutoka chuo kimoja cha Texas kilichojiita Trinity Southern University. Walimtajia kazi za kubuni alizopata kuzifanya. Chuo kikauona uzoefu wake kuwa mwingi, kikamwinua hadi shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara. Cheka, msomaji, na ukiisha kucheka ufikiri. Chuo kile hakikumpendelea paka. Kilimtendea sawasawa na wanadamu wote waliolipa, yaani hakikumtazama hata mmoja wao.

Fundi wetu wa Kawangware anayo njia nyingine. Kenya imeweka utaratibu wa kuutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nao humtaka fundi auonyeshe ujuzi wake mbele ya watahini kabla ya kupewa cheti. Hapo yuko mtu aliyeona.

Wako watakaoniuliza: aliyenunua cheti, kisha akafanya kazi vizuri miaka kumi, amemdhulumu nani? Swali hili si la mchezo. Mwezi wa Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya ilitangaza kwamba uchunguzi umegundua vyeti vya kughushi 2,067 miongoni mwa watumishi wa umma. Katika nchi jirani ya Tanzania, mwezi wa Aprili 2017, Rais John Magufuli aliwaondoa kazini watumishi 9,932 kwa sababu ya vyeti vya namna hiyo. Katika hesabu kubwa hivyo, ni vigumu kuamini kwamba hawakuwamo watu hodari waliowahi kazini mapema na kuondoka kwa kuchelewa. Mahakama za Kenya zimepata kuwaamuru baadhi ya watu wa aina hii kurudisha mishahara waliyopokea. Nakiri kuwa amri hiyo huniuma kidogo, maana jasho lilitoka kweli.

Lakini kila kiti kilichokaliwa kwa cheti cha uongo kilikuwa na mtu aliyekikosa. Labda mtu huyo ni binti wa Kibera aliyesoma kwa mwanga wa koroboi, akafaulu, akapeleka barua ishirini za kuomba kazi, na hata leo hajui kwa nini hakujibiwa. Hawezi kumshtaki aliyemdhulumu, kwa kuwa hawakupata kuonana. Nikimkumbuka binti huyu hukosa neno la kumtetea yule mtumishi hodari.

Tena iko dhuluma nzito kuliko hii. Kawangware imepakana na Lavington. Tajiri wa Lavington akimtilia shaka tabibu wake, huenda kwa mwingine kabla ya chakula cha mchana. Mama wa Kawangware, ambaye mtoto wake amepandwa na homa usiku, hana matabibu wa kuchagua. Anayo zahanati moja tu yenye taa, hatua chache kutoka chumba chake. Anaingia, anaona ukutani karatasi ndani ya fremu, yenye muhuri mwekundu na jina la chuo asichokijua. Saa ile hana wa kumwuliza ni nani aliyemtahini mtu huyu mwenye koti jeupe. Anaketi kwenye benchi, anamfunua mtoto kichwa, anangoja zamu yake.