Njia ya Kazini Hufunzwa na Nani?

Mtu aendaye kazini kwa miguu, na mwenzake aendaye kwa gari, je, kila mmoja amechagua mwenyewe? Wengi husema ndiyo. Sisi twaona kwamba aghalabu ofisi ndiyo iliyowachagulia, hata kama haikuandika sharti lolote.

Natutazame Turkana. Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka Lodwar, pana kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1992. Katika skuli na zahanati zake hufanya kazi watu wa namna mbili: waajiriwa wa mashirika, ambao mara nyingi huletwa kwa magari ya ofisi, na wakimbizi walipwao posho, ambao huja kwa miguu, kwa baiskeli au kwa pikipiki. Mlango mmoja, jua moja, njia mbili. Kijana atazamaye hayo kila siku hujifunza kwamba kutembea ni alama ya unyonge, na kwamba siku apandapo cheo ndiyo siku ya kuiacha baiskeli, japokuwa kazi iko mwendo wa robo saa.

Hatusemi kwamba kila gari ni fahari. Karibu na Kapedo, mpakani mwa Turkana na Baringo, askari polisi walivamiwa njiani mwaka 2014, wengi wakauawa. Mkubwa amwachaye mtumishi wake atembee peke yake katika njia kama hiyo amemdhulumu. Gari la kuhifadhi roho lina haki yake. Neno letu ni juu ya gari la kuhifadhi cheo, liunguzalo mafuta ya mali ya amana kwa safari ambayo miguu ingeitosha.

Wala mawaidha pekee hayafai kitu. Mkubwa akihutubia juu ya hewa safi, kisha akaondoka peke yake garini, watumishi watalifuata gari, hawataifuata hotuba. Lodwar joto la mchana mara nyingi hupita digrii 35. Basi ofisi itakayo watu watembee na iwape kivuli cha kuwekea baiskeli, maji ya kunawa, na kazi ianze mapema kabla jua halijawa kali. Gari moja na libebe wengi. Na palipo na amani, mkubwa mwenyewe aonekane akitembea.

Nasi watu wa pwani tusidhani haya ni ya mbali. Kila asubuhi maelfu huvuka Likoni kwa miguu. Je, katika ofisi na maduka yetu, afikaye na vumbi miguuni hupokewa sawasawa na ashukaye garini? Jawabu la swali hilo ndilo liwafunzalo vijana wetu njia.