Pezi Gumu, Pezi Laini

Kujua kipimo chako ni busara, au ni woga uliovishwa kanzu? Swali hili nimelizungusha kichwani kwa muda, na kilichonisaidia si kitabu cha falsafa. Ni mapezi, yale marefu wanayovaa watu wanaopiga mbizi kwa pumzi moja, bila mtungi wa hewa.

Yapo ya plastiki, ya fibaglasi na ya kaboni, na huuzwa laini, ya kati au magumu. Pezi gumu husukuma maji mengi kwa teke moja, ila linadai paja lenye nguvu. Laini halichoshi, lakini kwenye mkondo mkali utapiga mateke ukabaki palepale. Dukani mkono hukimbilia gumu. Nani anataka kuitwa laini?

Sasa, baharini hesabu ni nyingine. Msuli unaolazimishwa hula oksijeni, na mpiga mbizi ana ile tu aliyoivuta juu. Kwenye mita 10 mapafu yamebaki nusu ya ukubwa wake. Ukizidi kushuka, mwili unaanza kuzama wenyewe bila teke. Raha tupu! Kazi iko kwenye kurudi, na wengi wanaozimia huzimia karibu kabisa na uso wa maji. Pezi lililokusifia ulipoanza kushuka linakuja kudai deni hapo.

Benjamin Franklin alipokuwa mvulana alijitengenezea vibao vya kushika mikononi ili aogelee haraka. Baadaye alisimulia kwamba kasi iliongezeka kweli, ila vifundo vya mikono vilichoka. Sisi waandishi tunaujua mchezo huo: msamiati mgumu unaipa aya ya kwanza mbio, kufika ya tatu mtu hana pumzi.

Utaniambia: asiyejaribu kinachomzidi hakui. Jacques Mayol alifika mita 100 mwaka 1976, kina ambacho wataalamu walidhani kingeponda kifua cha binadamu. Kweli. Lakini alikuwa na miaka 49, na nyuma yake kulikuwa na miaka ya mazoezi ya pumzi na yoga. Mwili ulitangulia, kina kikafuata.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Tumezoea kuitumia methali hiyo kumfariji asiye na uwezo. Mimi naona inazungumzia mkono wa leo, haikatazi mkono kurefuka kesho. Busara inageuka woga pale unapokifanya kipimo cha leo kuwa sheria ya maisha. Na mguu wenyewe husema ukweli: pezi likikuzidi, goti huanza kujikunja kama la mwendesha baiskeli, paja linawaka moto. Likikaa sawa, teke linatoka nyongani, taratibu, bila kelele.

Kuna jambo moja bado. Mbizi hii hupigwa wawili wawili: mmoja anashuka, mwenzake anabaki juu akimwangalia. Nikichagua pezi la kujionyesha nikazimia, yeye ndiye atakayenifuata, kwa pumzi yake. Nikichagua laini kupita kiasi kwa uvivu, mkondo ukatuvuta, nitashindwa kumfikia. Kwa hiyo kipimo changu si siri yangu peke yangu. Kabla ya kuuliza ninataka kuonekana nani, inanibidi niulize nani atalipa nikikosea.