Kabla Siku ya Deni Haijafika



Majilio yamekaribia, na mwisho wa mwaka u nyuma yake. Karibuni barabara za kupanda Uru zitajaa magari, maana wana wetu watarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi kula Noeli pamoja na wazee. Ni furaha kubwa, wala hatutaki kuipunguza. Lakini twajua ya kuwa katika nyumba kadha wa kadha furaha hiyo ina mwiba ndani yake. Yako mabati yaliyochukuliwa dukani mwezi wa Julai, au cherehani, au kabati, kwa sharti la kulipa kidogo kidogo bila riba hadi mwisho wa Desemba. Desemba inakuja, na daftari la dukani bado halijafungwa.

Kuchukua mali kauli si dhambi. Katika Kutoka sura ya 22 Mungu aliwaagiza watu wake wasimtoze riba maskini aliye kati yao. Basi mwenye duka akikupa miezi sita bila kuongeza kitu, amekutendea wema, kwa kuwa fedha yake imelala kwako. Muda huo ni kama zamu ya maji ya mfongo. Kila mtu ana saa yake, na aliyelala hata zamu ikampita hana haki ya kumlaumu jirani anayegeuza maji kwenda kihamba chake.

Kwa hiyo, jambo la kwanza ni kujua siku ya mwisho ni ipi, na kesho yake itakuwaje. Mikataba haifanani. Mmoja husema mali itarudi dukani, mwingine husema baki litaanza kuzaa riba. Huko Marekani yako maduka ambayo sharti lao ni kwamba likibaki hata deni dogo siku ile, riba huhesabiwa tangu siku ya kununua. Basi tusome karatasi tuliyotia sahihi. Bibi asiyeona vizuri asomewe na mjukuu wake. Palipo na maneno ya mdomo tu, tuyaandike sasa mbele ya shahidi, na kila malipo yawe na risiti.

Jambo la pili ni kuhesabu. Tuseme mabati yalikuwa ya shilingi 1,200,000 kwa miezi 6, yaani 200,000 kila mwezi. Mwisho wa Oktoba ilipasa ziwe zimelipwa 800,000, kumbe zimelipwa 500,000. Zimebaki 700,000 na miezi miwili, basi sasa ni 350,000 kila mwezi. Hesabu hii isemwe kwa sauti, mume na mke wakiwa pamoja. Deni alilolificha mmoja hukua maradufu, kwa sababu yule mwingine anaendelea kutumia akidhani mambo ni salama.

Kisha tuulize fedha itatoka wapi. Ndizi, maziwa, yule mbuzi aliyewekwa kwa ajili ya sikukuu, vyote vihesabiwe. Malipo ya kwanza ya kahawa yakiwa mkononi, ni fedha. Malipo ya pili hutegemea bei ya mnada, nasi hatuwezi kumwahidi mwenye duka siku tusiyoijua. Tusilipe deni kwa kahawa ambayo bado iko mtini.

Katika 2 Wafalme sura ya 4 tunasoma habari za mjane ambaye mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mama yule hakulificha deni lake, alimwambia Elisha waziwazi. Akaulizwa ana nini nyumbani, naye hakuwa na kitu ila chupa ya mafuta. Mafuta yalipoongezeka aliagizwa auze, alipe deni, ndipo aishi na wanawe kwa yaliyosalia. Tuangalie utaratibu huo: kulipa kwanza, kula baadaye. Sisi twapenda kuugeuza. Twala Noeli kwanza, twamchinjia mgeni, halafu twasema Januari tutaona. Januari nayo hufika na sare, madaftari na michango ya shule.

Tatu, hesabu ikikataa kabisa, tumwendee mwenye duka kabla ya siku ile. Mithali sura ya 6 yamwonya mtu aliyefungwa na ahadi yake asilale usingizi, bali aende akajinyenyekeze upesi. Naye Bwana wetu, katika Mathayo sura ya 5, anatuambia tupatane na mshtaki wetu tungali njiani. Wazee wetu walilijua jambo hili. Aliyekosa alishika jani la isale, akaenda kwa aliyemkosea, na ilikuwa vigumu sana kumkataa mtu aliyekuja hivyo. Lakini alikwenda yeye mwenyewe, hakungoja kufuatwa.

Nasi tuandikao haya tumewahi kushindwa. Tulichukua kabati, muda ukatupita, tukawa tunazunguka njia ya nyuma ili tusionekane dukani. Siku tulipojikaza kwenda, mwenye duka alitusikiliza. Alisema lililomuudhi halikuwa fedha, bali kutuona tukimkimbia. Basi tukienda, tutaje kiasi tunachoweza na siku tunayoweza, twende na sehemu ya fedha mkononi, na maneno mapya yaandikwe.

Nne, tusizibe deni lisilo na riba kwa mkopo ule ambao watu wenyewe wameuita kausha damu. Tuseme umekopa 300,000 ili urudishe 390,000 baada ya mwezi. Umemfurahisha mwenye duka siku moja, nawe umejiongezea deni la 90,000 ambalo hukuwa nalo. Hata mikopo ya simu inahitaji macho. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali chake. Zaidi ya yote, kihamba kisiwekwe rehani kwa ajili ya kabati. Pale wamelala baba zetu, na pale watakula watoto wetu. Afadhali kabati lirudi dukani na aibu yake.

Tuna neno pia kwa ninyi mnaorudi nyumbani. Kabla hamjanunua mbuzi na kreti za soda, mketi na baba na mama faraghani, mwulize kwa upole kama kuna deni. Huenda zawadi iliyo bora mwaka huu ni risiti ya mwisho ya mabati. Nanyi wenye maduka, mkijiwa na mtu mnyofu kabla ya siku yake, mkumbuke jinsi Mungu alivyowavumilia. Na sisi majirani tusimpime mtu kwa sahani yake ya Noeli. Majirani wa yule mjane walimwazima vyombo vitupu, na Mungu akavitumia. Kumsindikiza mwenzako dukani, au kumpelekea ndizi ili auze zake, hivyo navyo ni vyombo.

Wapendwa, Majilio yatukumbusha ya kuwa iko siku ya hesabu kwa wote. Deni letu kwa Mungu hatukuweza kulilipa, naye Kristo amelilipa. Lakini Zakayo, alipompokea Bwana nyumbani mwake, hakusema kwamba kwa kuwa amesamehewa hana haja ya kurudisha. Alisimama akataja kiasi. Nasi tusimame, tutaje kiasi, twende tungali na siku.

Ee Bwana, utupe ujasiri wa kusema kweli juu ya madeni yetu, moyo wa kutosheka na kidogo, na huruma kwa wanaodaiwa. Utujalie kuipokea sikukuu ya kuzaliwa kwako tukiwa na amani nyumbani na njia wazi ya kupita mbele ya kila jirani. Amina.